Kisu cha Shamba na Ala Yake



Msimu wa kuchuma ukikaribia kila mtu hushughulikia kamba, pakacha na majamvi. Kisu husahauliwa kiunoni. Nasi twajua kuwa tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Mtu akianguka na kisu kitupu alichokichomeka shukani, kisu chaweza kumdhuru kuliko huko kuanguka kwenyewe. Basi kisu kiwe na ala ya ngozi yenye kubana, ifungwe ubavuni, ncha ielekee chini, wala si mbele ya tumbo. Apandaye juu na akiache chini: karafuu huchumwa kwa mkono.

Jioni kifutwe utomvu. Ule wa fenesi hautoki kwa maji. Upake mafuta ya nazi kwanza. Usikilaze ndani ya ala, maana ngozi hushika unyevu, na hewa yetu ya chumvi haihitaji msaidizi wa kuleta kutu.

Kinoo kiloweshwe, ubapa uinuliwe kidogo tu, pande zote mbili sawasawa. Wako wanaonoa kwenye kizingiti cha saruji. Hao wanakila chuma chao bure. Kisu butu hutaka nguvu, kikateleza kwenye kidole. Mpini ukilegea, ukazwe kabla ya kazi ya kesho.