Urea: chumvi isiyo chumvi, na maji ya kisima

Chembe za urea ni nyeupe na ndogo. Kwa ng'ombe mwenye hamu ya chumvi, mfuko uliopasuka ni neema. Jambo hili laweza kutokea popote, lakini hatari ni kubwa zaidi katika sehemu kama Ewuaso Kedong, kule bondeni nyuma ya vilima vya Ngong, ambako mfugaji anayelima kidogo huenda akaiweka mbolea na chumvi ya mifugo katika banda moja.

Urea si kitu kigeni mwilini. Ini la binadamu huitengeneza kila siku na figo huitoa kwa mkojo. Ndiyo maana maabara za hospitali huipima katika damu ili kujua hali ya figo. Ile ya kiwandani ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50.

Kwa ng'ombe mambo ni tofauti. Vijidudu vya tumboni mwake huivunja upesi ikawa amonia, nayo ikizidi huingia katika damu. Ng'ombe wa kilo 300 ambaye hajaizoea aweza kuuawa na chini ya nusu kilo. Hutetemeka, hutoka povu, hufura tumbo na kuanguka, pengine kabla ya saa moja kwisha. Daktari wa mifugo humnywesha siki na maji mengi ya baridi, lakini mara nyingi huitwa akiwa amechelewa. Mfuko mtupu pia usioshewe katika hori la maji.

Tuje kwenye udongo. Humo nako vijidudu huigeuza urea kuwa amonia. Udongo mweusi wa Kitengela, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, kwa kawaida hauna asidi nyingi, na hapo amonia hupaa hewani kwa urahisi. Anayemwaga urea juu ya ardhi na kungoja mvua amemwaga pesa. Ifukiwe kiasi cha sentimita tano, mbali kidogo na mbegu, au inyunyiziwe maji papo hapo. Asidi, ambayo huzidi urea inapotumiwa miaka mingi, ni taabu zaidi ya wenzetu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako udongo mwingi tayari una asidi na huhitaji chokaa.

Amonia iliyobaki hugeuzwa kuwa naitreti. Mimea huila hiyo, lakini ikizidi mahitaji yake huyeyuka katika maji na kushuka chini, kuelekea visimani. Mtu mzima haoni kitu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita, hasa anayepewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Midomo, ufizi na kucha huwa na rangi ya samawati. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Daktari Hunter Comly wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1945, akiuhusisha na maji ya visima vya mashambani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji. Kuchemsha, ambako sote tumefundishwa kuwa ni kinga, hapa hakufai: maji hupungua, naitreti hubaki. Maziwa ya mama ndiyo salama.

Lakini urea isibebeshwe mzigo wote. Katika mji unaojaa haraka kama Kitengela, choo cha shimo kilicho karibu na kisima chaweza kuleta naitreti nyingi kuliko shamba la nyanya, na hali kadhalika boma la ng'ombe lililo juu ya mteremko. Basi mwenye kisima na mtoto mchanga nyumbani ayapeleke maji maabara, na aombe kwa jina wapime naitreti, kwa maana kipimo cha viini vya kipindupindu au homa ya matumbo hakiionyeshi.