Je, Wajua? Ndege Moja ya Usiku Huhesabiwa Kumi

Ukikaa Kipawa, Dar es Salaam, au Embakasi, Nairobi, huhitaji chombo cha kukwambia kwamba ndege imepita. Lakini uwanja unapotaka kupanuliwa, malalamiko peke yake hayaamui kitu, huamua namba. Wataalamu hupima na kukadiria kelele, kisha huchora mistari juu ya ramani kuuzunguka uwanja. Aliye ndani ya mstari huhesabiwa kuwa ameathirika, aliye nje hahesabiwi. Kwa hiyo ni vizuri kila jirani wa uwanja wa ndege ajue namba hizo hupatikanaje.

Je, wajua kuwa kuku walibadili sheria ya anga ya Marekani?

Familia ya Causby ilikuwa na shamba dogo la kuku karibu na Greensboro, North Carolina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi lilianza kutumia uwanja wa jirani, na ndege za kivita zikawa zinapita mita 20 hivi tu juu ya paa la nyumba yao. Kuku waliruka kwa hofu wakajipigiza ukutani. Siku nyingine walikufa sita hadi kumi, mpaka jumla ikafika kama 150 na familia ikaacha kabisa ufugaji. Wenyewe walikosa usingizi.

Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mwenye ardhi hamiliki anga yote iliyo juu yake hadi isikokwisha. Pili, ndege zikipita chini mno na mara nyingi mno hata mtu ashindwe kuitumia ardhi yake, basi serikali imemchukulia mali, na sharti imlipe. Mwaka 1962, katika kesi ya Griggs dhidi ya wilaya ya Allegheny iliyohusu uwanja wa Pittsburgh, mahakama hiyo hiyo ikaongeza kuwa wa kulipa ni mmiliki wa uwanja, kwa kuwa ndiye aliyechagua mahali pa kuujenga.

Je, wajua kuwa 60 na 60 ni 63?

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ndege mbili zenye kelele sawa zikinguruma kwa pamoja, nguvu ya sauti huwa maradufu lakini kipimo hupanda desibeli 3 tu. Sikio nalo lina hesabu yake: watu wengi huona sauti imekuwa kubwa mara mbili pale kipimo kinapopanda desibeli 10 hivi. Kwa hiyo msemaji akisimama mkutanoni na kusema kwamba mradi utaongeza "desibeli tatu tu", muulize hizo ni ndege ngapi. Tatu hizo zinaweza kuwa ni safari zote za siku kuongezeka mara mbili.

Je, wajua kuwa ndege moja ya usiku huhesabiwa kama kumi za mchana?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inaigawa siku sehemu tatu. Kelele za jioni, kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, huongezewa desibeli 5 kabla ya kuingizwa kwenye hesabu. Za usiku, hadi saa 1 asubuhi, huongezewa 10. Kwa kuwa desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, ndege moja inayopita saa 8 usiku hubeba uzito wa ndege kumi za adhuhuri, na ya jioni uzito wa tatu hivi. Marekani nayo huongeza 10 kwa kelele za kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chenye haki kuliko vyote katika hesabu hizi, maana kinakiri kwamba aliyelala ana haki zaidi ya utulivu.

Ipo miji iliyokwenda mbele zaidi. Sydney ina sheria ya mwaka 1995 inayobana safari kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Frankfurt, uwanja wenye shughuli nyingi kuliko wote Ujerumani, tangu mwaka 2011 hauruhusu safari za kawaida kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza kelele za ndege zisizidi desibeli 45 kwa kipimo cha siku nzima na 40 usiku. Mwongozo huo huo unavumilia zaidi kelele za magari barabarani: 53 kwa siku nzima na 45 usiku. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati. Desibeli zikiwa sawa, watu husumbuliwa zaidi na ndege kuliko gari.

Je, wajua kuwa kelele zinaweza kufichwa ndani ya wastani bila mtu kusema uongo?

Chukua mtaa unaopitiwa na ndege 50 kwa siku, kila moja ikinguruma kwa desibeli 75 kwa muda wa sekunde 20. Jumla ni sekunde 1,000, hazifiki dakika 17. Zitandaze sekunde hizo juu ya saa zote 24, huku muda uliobaki ukiwa kimya, na wastani utasoma desibeli 56 hivi, karibu sawa na maongezi ya kawaida sebuleni. Lakini hakuna mkazi wa mtaa huo aliyewahi kusikia desibeli 56. Alichosikia ni 75, mara hamsini. Mara hamsini alinyamaza katikati ya sentensi, au mtoto alishtuka, au sala ilikatizwa. Safari zikifika 100, wastani utapanda hadi 59 tu, na ripoti itaandika kwamba badiliko ni dogo.

Wakazi wa Sydney waliyaishi haya. Novemba 1994 uwanja wao ulifungua njia ya tatu ya kurukia, na mitaa ambayo kwenye ramani ya wastani ilikuwa nje ya mstari ikajikuta chini ya ndege zinazofuatana. Watu walikuwa wameambiwa kwa ramani kwamba hawataathirika. Hasira ilikuwa kubwa hata Seneti ya Australia ikaunda kamati maalumu, iliyotoa ripoti mwaka 1995. Baada ya sakata hilo wataalamu wa serikali walianza kueneza kipimo ambacho hata asiyesoma fizikia anakielewa. Kinaitwa N70: ni ndege ngapi kwa siku zinavuka desibeli 70 nje ya nyumba yako? Walichagua 70 kwa sababu nyumba yenye madirisha wazi hupunguza kama desibeli 10, na 60 zinazobaki ndani zinatosha kukatiza mazungumzo. Mkazi akiambiwa "ndege 50 leo, 100 mwakani", hahitaji mkalimani.

Je, wajua kuwa watu wa leo huudhika kwa kelele ndogo kuliko za zamani?

Uingereza ilitumia kwa miaka mingi mstari wa desibeli 57 za mchana kama mwanzo wa kero kubwa kwa jamii, kutokana na utafiti wa mwaka 1982. Watu walipohojiwa upya mwaka 2014, kero ya kiwango kile kile ilionekana kwenye 54.

Marekani tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Huko mstari ni 65, na hesabu za zamani zilikadiria kwamba kwenye kiwango hicho asilimia 12 hivi ya watu wangeudhika sana. Mamlaka ya anga ilihoji watu zaidi ya 10,000 kuzunguka viwanja 20 na kutoa matokeo mwaka 2021: walioudhika sana walizidi asilimia 60. Sababu moja inayotajwa ni kwamba ndege moja moja imekuwa tulivu, ila zinafuatana bila nafasi ya kupumua.

Je, wajua kuwa watoto wa Munich walirudi kusoma vizuri uwanja ulipohama?

Kati ya habari zote za kelele za ndege, hii ndiyo ningependa kila mwalimu na kila mpangaji miji aijue. Mei 1992 Munich ilifunga uwanja wake wa zamani wa Riem na kufungua mpya, mbali na pale. Watafiti walikuwa wamejiandaa. Waliwapima watoto 326 wa shule za msingi kabla ya kuhama, kisha mara mbili tena miaka iliyofuata: waliokaa karibu na uwanja wa zamani, waliokaa karibu na utakapokuja mpya, na wenzao wa mitaa tulivu.

Kabla ya kuhama, watoto wa Riem walikuwa nyuma katika kusoma na kukumbuka walichojifunza. Uwanja ulipofungwa, upungufu huo ulitoweka. Kwenye uwanja mpya mambo yaligeuka: watoto waliokuwa wakifanya vizuri wakaanza kurudi nyuma. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine wa watoto 2,844 wa miaka 9 na 10, waliosoma karibu na Heathrow, Schiphol ya Amsterdam na Barajas ya Madrid, ulionyesha kuwa kadiri kelele za ndege shuleni zilivyopanda, ndivyo ufahamu wa kusoma ulivyoshuka. Mtoto hawezi kuhama mtaa wala kudai fidia. Tathmini isiyotaja shule zilizo chini ya njia ya ndege haijakamilika.

Je, wajua kuwa matuta ya shamba hupunguza kelele?

Karibu na Schiphol, watu wa Hoofddorp walisumbuliwa na mvumo mzito wa ndege zikianza kukimbia kwenye njia iliyofunguliwa mwaka 2003. Wakagundua kwamba kila mashamba yaliyo katikati yalipolimwa, mvumo ulipungua: mifereji ya jembe ilikuwa inautawanya. Mwaka 2013 ikafunguliwa pale bustani ya Buitenschot, yenye matuta makubwa yaliyopangwa kwa makusudi hayo. Ugunduzi ulianzia masikioni mwa wakazi.

Na ule mluzi wa Airbus A320 inapojiandaa kutua? Unatokana na matundu madogo ya matangi ya mafuta chini ya bawa. Upepo ukipita juu yake yanalia. Kipande kidogo cha chuma mbele ya tundu kinaunyamazisha. Lufthansa ilianza kupokea ndege zenye kipande hicho mwaka 2014.

Je, wajua kuwa dirisha lako linabadilisha hesabu nzima?

Ulaya ya kaskazini jirani wa uwanja hupewa vioo viwili vya dirisha, naye hufunga na kulala. Kwetu pwani, nyumba ya wavu wa mbu na hewa ya usiku haifungwi, labda kwa mwenye kiyoyozi. Viwango vilivyotungwa kwa nyumba zilizofungwa havitufai vikiletwa kama vilivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, na ile ya Kenya ya mwaka 1999, zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi wasikilizwe. Ukiitwa kwenye mkutano wa namna hiyo, usitosheke na mstari wa ramani. Uliza ndege ngapi zitavuka desibeli 70 juu ya mtaa wako, ngapi kati yake ni baada ya saa 4 usiku, na shule zipi ziko chini yake. Majibu yaandikwe kwenye ripoti kabla hujatia sahihi ya mahudhurio.