Unataka kujalidi vitabu? Anza na sindano!

Kitabu cha shule kikianza kuachia kurasa, wengi hukimbilia stepla. Haipiti muda pini zinashika kutu, karatasi zinachanika, mtoto anarudi nyumbani na nusu kitabu. Mzazi aingie tena mfukoni. Kumbe dawa ni kujalidi, na kijana asiye na kazi hapa Musoma anaweza kuanza bila mashine wala mkopo.

Sikia zana zenyewe. Kwanza msharasi, ule ule wa fundi viatu, wa kutobolea. Pili, sindano nene. Tatu, mfupa: ubavu wa ng'ombe uliochemshwa na kupigwa msasa mpaka ukawa laini, wa kulazia mikunjo ya karatasi. Na mkoa wetu huu ng'ombe hatuna shida nao! Ongeza rula ya chuma, kisu kikali, nta ya nyuki na mbao mbili za kubania. Juu ya mbao weka mawe. Musoma mawe tele.

Kwenye uzi ndipo wengi wanapopatikana. Ukiteremka mwaloni Mwigobero utaona uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ukatamani. Achana nao! Nailoni inavutika, fundo linateleza, na ikikaza inakata karatasi kama wembe. Chukua uzi wa pamba au kitani, upitishe kwenye nta mara mbili tatu.

Gundi je? Koroga unga wa ngano na maji jikoni mpaka uive kama uji mzito. Pika kidogo, maana baada ya siku chache inachacha, na mende wanaipenda kweli. Mgongo wa kitabu upake gundi nyeupe ya maseremala, hiyo haikakamai.

Siri nyingine: karatasi ina mkondo. Ipinde taratibu, huku na huku. Mkunjo ulio mwepesi ndio ufuate mgongo wa kitabu. Ukikosea, jalada litabinuka kama sato aliyeanikwa juani.

Na usidhani ufundi huu tuliletewa na wakoloni. Huko Siyu, kisiwani Pate, mpaka karne ya 19 watu walinakili Kurani kwa mkono na kuzijalidi kwa ngozi. Hawakuwa na umeme hao!

Basi anza na daftari tupu. Kunja, toboa, shona, paka gundi, bana usiku kucha. La kwanza litakuwa bovu, wala usijali. La kumi utaliuza.