Mbolea Yako Isiende Mtoni

Ndugu mkulima wa Thika au Ruiru, mbolea ya chumvichumvi uliyoinunua kwa fedha nyingi haikai yote shambani. Mvua kubwa huichukua mpaka mtoni, pamoja na samadi ya boma na maji machafu ya mjini. Huko hustawisha magugu ya majini. Lakini maji yaliyooshea kahawa ni mabaya mno: yakioza humaliza hewa mtoni na samaki hufa.

Mto Ruiru huingia Athi, uitwao Sabaki ukifika baharini karibu na Malindi. Mto Thika huingia Tana. Wanywao baada yako ni wengi.

Basi funika samadi, tia mbolea kidogo kidogo, chimba shimo la maganda ya kahawa mbali na mto, wala usilime mpaka ukingoni: acha majani yaote hapo.