Jukwaa Lililokamilika na Jukwaa Linalotumika

Mipango ya kujenga mahali pa kuwaonyesha wageni utamaduni wa nchi hufanana sana: jukwaa, viti vya ngazi, duka la kazi za mikono, mgahawa na maegesho ya mabasi. Mpango wa namna hiyo ukiletwa Gatumba, nchini Burundi, hoja zake hazikosi uzito. Mji uko kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira, mpaka wa Kongo uko karibu, na viboko wa mto Rusizi tayari huwavuta watalii upande huohuo. Ngoma ya kifalme ya Burundi nayo imo tangu 2014 katika orodha ya kimataifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mgeni aliyefikia Bujumbura akitaka kuiona mahali pake pa asili huelekezwa Gishora, karibu na Gitega, safari ya takriban kilomita 100 ya kupanda milima. Kumsogezea ngoma hadi Gatumba ni wazo la maana.

Kasoro huanza mapema, wakati wa kuchora, kwa sababu wapigaji hawaulizwi. Ngoma za Burundi ni magogo ya mti yaliyochimbwa na kuwambwa ngozi. Wapigaji wake, waitwao watimbo, huingia wakiwa wamezibeba kichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara kuizunguka ngoma moja ya katikati, na idadi ya ngoma daima huwa witiri. Mmoja baada ya mwingine hutoka mbele, akacheza na kuruka juu. Shughuli hiyo inadai uwanja mpana, paa la juu au kutokuwa na paa kabisa, mlango unaompitisha mtu mwenye gogo kichwani, na chumba kikavu cha kuhifadhia ngozi. Mchoro ulioigwa kutoka ukumbi wa mikutano hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Korea Kusini inatoa mfano wa kufikirisha. Muziki wa wakulima wa huko ulipigwa nje, watu wakitembea na kucheza. Mwaka 1978, mjini Seoul, wasanii waliuchukua wakaufupisha kuwa ala nne zinazopigwa na watu walioketi ndani ya ukumbi mdogo. Mtindo huo, samulnori, ndio uliozunguka majukwaa ya dunia. Pale wenye sanaa ndio walioamua kipi kipunguzwe. Katika miradi mingi ya ujenzi, uamuzi kama huo hufanywa na kipimo cha jukwaa ambacho hakuna msanii aliyekiona.

Halafu kuna maji, na hapa Gatumba haitaki haraka. Mji umekaa kwenye tambarare ambako Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto ulivunja kingo na maelfu ya wakazi wakahama. Mwaka 2021 na 2024 ziwa lilipanda na maji yakarudi katika nyumba na barabara. Jengo lolote la hapa linahitaji kifusi cha kuinua kiwanja, mifereji na njia ya kuingilia iliyonyanyuliwa. Kazi hizo hazipendezi kwenye picha ya mradi. Bajeti inapobana, ndizo hupunguzwa kwanza, nazo ndizo gharama inayorudi kubwa zaidi.

Ratiba pia ina mtego wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Ukitangaza zabuni, ukapitia maombi, ukatia saini mkataba na kutoa malipo ya awali, mkandarasi hufika kiwanjani Oktoba au Novemba, mvua zikiwa zimeanza. Miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo ya kuchimba misingi, imepotelea kwenye makaratasi. Uzembe hauhitajiki ili mradi uchelewe mwaka mzima. Inatosha kalenda mbili kutopatana.

Gharama nazo hupanda kwa njia zinazojulikana. Vifaa vya sauti, taa, vyuma na jenereta hununuliwa nje kwa dola. Mei 2023, kwa bei rasmi, dola moja ilitoka karibu faranga 2,100 ikafika takriban 2,800. Mkataba uliosainiwa kwa faranga kabla ya hapo haukuweza kununua vitu vilevile. Dizeli ikikosekana, mitambo husimama na walinzi huendelea kulipwa. Juu ya hayo huja kazi za ziada: ukuta uliosahaulika, choo kilichohamishwa, umeme uliohesabiwa bila transfoma.

Kisha hufika siku ya makabidhiano. Mara nyingi jengo linalokabidhiwa lina jukwaa na rangi mpya, lakini vyoo vya watazamaji havina maji, ghala la ngoma halina milango, na mita chache za mwisho kutoka barabara kuu ni matope. Kwenye taarifa, mradi umekamilika. Kwa mama aliyekuja na watoto, au mgeni mwenye kiti cha magurudumu, bado haujaanza.

Upo pia mlango usioonekana kwenye mchoro. Amri ya rais ya Oktoba 2017 inataka kikundi cha ngoma kipate idhini kabla ya kuonyesha, iliweka ada ya faranga 500,000 kwa onyesho lisilo la kiserikali, na inawazuia wanawake kuzipiga. Mpangaji aliyehesabu maonyesho kila wikendi bila kuhesabu idhini na ada hiyo amejipa mapato ambayo huenda asiyapate. Na kama tiketi imepangwa kwa mfuko wa mtalii tu, siku mpaka ukifungwa au barabara ikizama viti vitabaki vitupu, ilhali wakazi wa Gatumba wangevijaza kwa bei yao.

Kwa hiyo wanaotia saini mikataba ya aina hii wabadilishe kipimo cha kumaliza kazi. Sehemu ya mwisho ya malipo izuiwe hadi onyesho la kwanza lifanyike katika msimu wa mvua, ngoma zote zikiwa jukwaani, vyoo vikiwa na maji, na watazamaji wakiwa wameingia kwa njia kavu.