Je, Wajua Kura ya Mtaa Ina Uzito Gani?

Je, wajua kwamba unaweza kuwa na kadi ya mpiga kura mfukoni, yenye picha yako na jina lililoandikwa sawasawa, na bado usiruhusiwe kumchagua mwenyekiti wa mtaa wako? Tanzania Bara ina orodha mbili za wapiga kura. Daftari la Kudumu, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi, ni la kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa una orodha yake, na umekuwa ukisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Watu huandikishwa upya, mtaa kwa mtaa na kitongoji kwa kitongoji. Mwaka 2024 shughuli hiyo ilichukua siku 10 tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa 27 Novemba. Aliyeamini kadi yake inatosha alikuwa ameshachelewa wiki tano kabla hajafika kituoni. Nina hakika wengi tunaowahesabu kuwa “wamesusa” hawakususa chochote, bali walipitwa na zile siku 10.

Chukua kalamu tupige hesabu. Walioandikishwa mwaka huo walizidi milioni 31. Bara ina vitongoji zaidi ya 64,000 na mitaa zaidi ya 4,000. Ukigawanya, unapata wastani usiofika watu 500 kwa kila orodha. Ni kweli mtaa mmoja wa Dar es Salaam unaweza kuwa na watu maelfu kwa maelfu, lakini maana yake ni kwamba vitongoji vya kijijini viko chini zaidi ya wastani huo. Katika kitongoji cha watu 300, ambako wengine siku ya kura wako shambani, mnadani au msibani, ukoo mmoja mkubwa ukiamka mapema wote umeshaamua nani atakuwa mwenyekiti. Kwenye kura ya rais, sauti yako imo kati ya mamilioni. Huku chini inaweza kuwa ndiyo iliyotofautisha mshindi na mshindwa, na majirani wakajua.

Huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, walilishuhudia jambo hilo Mei 2017. Chama cha Conservative kilikuwa na viti 33 kati ya 67 vya baraza, kikibakiza kimoja tu kishike baraza peke yake. Katika kata ya South Blyth, mgombea wake na yule wa Liberal Democrat wakafungana kwa kura 356 kila mmoja. Kura zikahesabiwa tena, matokeo yakawa yaleyale. Sheria yao inasema kura zikilingana bahati ndiyo iamue, kwa hiyo wagombea wawili, watu wazima, wakasimama wakachomoa vijiti. Conservative wakakikosa. Mkazi mmoja tu wa kata ile, aliyebaki nyumbani siku hiyo, angeweza kuondoa haja ya vijiti.

Turudi Tanzania, ofisini kwa mwenyekiti, maana ndiko watu wanakodharau bila kujua wanadharau nini. Ofisi yenyewe aghalabu ni chumba kimoja, meza, benchi la wanaosubiri, daftari la wakazi, na muhuri. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, utaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa. Ndugu yako akishikwa na polisi na wewe ukataka kumwekea dhamana, barua. Kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa kikundi, hata kufanya sherehe ya kukesha na muziki, unapita hapohapo. Mijini watu huuziana viwanja kwa karatasi iliyopigwa muhuri huo, na miaka ikipita kesi zikaanza, anayeitwa kueleza nani alimuuzia nani ni mwenyekiti aliyekuwa madarakani siku ile.

Na je, wajua kwamba mtu huyo hana mshahara? Mwenye mshahara ni mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na hupangwa kutoka juu. Mwenyekiti huishi kwa posho ndogo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumchagua kwa uangalifu. Mtu aliyekabidhiwa muhuri unaotafutwa na kila mtu, asiyelipwa mshahara, anahitaji uadilifu wa kweli, na wanaomjua vizuri ni majirani zake, si wakuu walio makao makuu ya wilaya.

Kijijini uzito unaongezeka, kwa sababu kuna ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji kuisimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na mwenyekiti wake ni yule mliyemchagua ninyi. Akija mwekezaji na ramani yake, hao ndio wanaokaa naye kwanza. Hapo ndipo watu hugundua, kwa uchungu, kwamba yule waliyemwacha apite kwa kuwa “ni uenyekiti tu” ndiye anayeketi mezani wakati malisho na msitu vinajadiliwa.

Mambo mawili mafupi yanayochanganya watu. Balozi wa nyumba kumi si sehemu ya uchaguzi huu. Ni ngazi ya chama iliyoanza enzi za TANU, ingawa wazee wengi bado humpelekea kesi zao. Na Zanzibar haina mwenyekiti wa mtaa wa kuchaguliwa: kuna sheha, naye huteuliwa.

Kwa nchi jirani, namna ya kupiga kura hii ya chini inashangaza zaidi. Uganda ilipofanya uchaguzi wa wenyeviti wa LC1, yaani ngazi ya kijiji, tarehe 10 Julai 2018, ilikuwa imepita miaka 17 tangu ule wa 2001. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, wakahesabiwa vichwa. Rwanda nako viongozi wa vijiji wamechaguliwa kwa foleni. Wanaotetea utaratibu huo husema ni wa bei nafuu na hauibiwi, kwani kila mtu anaona. Mimi siuafiki, kwa sababu hiyohiyo kwamba kila mtu anaona: mwenye duka unayekopa kwake, baba mkwe wako, askari aliyesimama kando. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa. Kwenye mlolongo wa chama tawala, KANU, wa mwaka ule, mgombea aliyetangazwa kuvuka asilimia 70 ya foleni alihesabiwa ameshinda, bila kura ya siri kufuata, na foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu mbele ya macho ya waliozipanga. Burundi wamechukua njia nyingine: katika uchaguzi wa vilima, wagombea husimama kwa majina yao, si kwa vyama, na kila kilima huchagua wajumbe watano.

Je, wajua kwamba rais wa kwanza wa Kongo alianzia kwenye uchaguzi wa kata za mjini? Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu wakazi wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi, kuchagua viongozi wa mitaa ya miji yao. Waliopiga kura ni wanaume tu. Wakoloni waliona ni jambo dogo la kuwatuliza watu. Joseph Kasa-Vubu akawa meya wa komuni ya Dendale, akapata jukwaa la kudai uhuru hadharani, na mwaka 1960 akawa rais. Komuni ile sasa inaitwa Kasa-Vubu. Mwaka huohuo wa 1960, Dar es Salaam ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi tuliyemsoma shuleni, aliyeandika sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili, na baadaye akawa waziri wa sheria.

Walio ughaibuni nao wana lao. Sweden humruhusu mgeni asiye raia, hata wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kupiga kura za manispaa akishaandikishwa kuwa mkazi kwa miaka mitatu. Ireland imekwenda mbali zaidi: mkazi yeyote mtu mzima anaweza kupiga kura ya baraza la mji wake, na hata kugombea. Kwa hiyo yuko Mswahili wa Dublin ambaye hawezi kumchagua mbunge wa Ireland lakini anaweza kumchagua diwani wa mtaa wake.

Kama kura hii isingekuwa na maana, watu wangefanya nini siku wanapoachwa huru kutokwenda? Flanders, Ubelgiji, ilitupa jibu. Kupiga kura kulikuwa lazima kwa sheria, na mwaka 2018 zaidi ya asilimia 90 walijitokeza. Ulazima ukafutwa katika chaguzi za mitaa, na Oktoba 2024 wakajitokeza takriban asilimia 63. Magazeti yalisikitikia walioacha. Mimi nawatazama wale waliokwenda bila kusukumwa, ambao ni wengi kuliko nilivyotarajia.

Na anayechaguliwa hubadilisha kitu? Nchini India sheria hutenga angalau theluthi ya nafasi za uongozi wa vijiji kwa wanawake, na vijiji vyenye nafasi hizo hupatikana kwa kura ya bahati. Wachumi Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walilinganisha vijiji hivyo na vingine huko West Bengal na Rajasthan, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004: palipoongozwa na wanawake, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa vijiji hivyo ndio waliolilalamikia zaidi.

Sasa lile linalowafanya wengi wakate tamaa, na siwezi kulipita. Uchaguzi wa mitaa wa Tanzania ulipofanyika tarehe 24 Novemba 2019, vyama vya upinzani vya CHADEMA na ACT-Wazalendo vilikuwa vimeshajitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala, CCM, kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98. Mtu anayeuliza kwa nini apange foleni juani kumchagua mgombea aliyebaki peke yake anauliza swali la haki, na kumwita mvivu ni kumkosea.

Lakini sheria imeweka mlango wa pili ambao hauna fomu ya kurudisha wala msimamizi wa kukuengua. Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaupa mkutano huo pia mamlaka ya kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri ya kijiji, au wote kwa pamoja. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, na hapo ndipo unaponyoosha mkono kuuliza fedha za bati la zahanati zilikwenda wapi. Ukifuata mzunguko wake wa miaka mitano, uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa ni 2029. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu.