Dawa mseto haipendi maji matupu

Mgonjwa wa malaria hatamani chakula. Hapa Muleba hata sahani ya ndizi na maharage aliyokulia ataisukuma kando, ameze vidonge vyake vinne vya dawa mseto kwa maji matupu, arudi kulala. Namhurumia, lakini sehemu kubwa ya dawa ile huenda isikifikie kimelea cha malaria.

Kidonge hicho kina dawa mbili. Artemeta hupiga haraka na kuisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Lumefantrini ni dawa ya mafuta. Utando wa seli za utumbo nao ni tabaka mbili za mafuta, kwa hiyo kuuvuka si shida. Shida ni kuufikia, maana utumboni kumejaa majimaji, na humo dawa hukaa chembechembe zisizoyeyuka. Ukila chenye mafuta, nyongo inamwagika, inayakata mafuta kuwa matone madogo mno, na dawa hupanda humo hadi kwenye utando kama abiria wa kisiwa cha Bumbire ndani ya mtumbwi. Kwa watu wenye afya waliopimwa, mlo wa mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyoingia kwenye damu takriban mara 16. Wala si lazima iwe karamu: maziwa kidogo yanatosha, au uji wa karanga, parachichi, na msimu ukifika, senene.

Tumewahi kupoteza dawa kwa sababu ya utando. Klorokwini ilikuwa ikinasa ndani ya kifuko chenye tindikali cha kimelea na kukiua kimelea chenyewe. Vimelea vikabadili protini moja ya utando wa kifuko hicho, vikaanza kuitoa dawa nje. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha.

Sasa zamu ni ya artemisini, ukoo wa artemeta. Utafiti uliofanyika Karagwe, jirani zetu, na kuchapishwa mwaka 2024, ulithibitisha vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi yake. Artemisini ikilegea, mzigo unaiangukia lumefantrini, na lumefantrini isiyopata mafuta ni mlinzi aliyeachwa nje ya geti.

Ndugu muuguzi wa zahanati, nawe muuza duka la dawa: kabla hujamkabidhi mgonjwa pakiti ya vidonge 24, muulize atakula nini navyo, mara zote sita, kwa siku zote tatu.